Mizani ya Mashindano: Kanuni na Madaraja ya Walinzi wa Bendera huko Marekani

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu maneno hayo husemwa kwa kumsifu mtu apendwaye na watu wake. Lakini ukiyatazama kwa upande wa pili, utaona yana onyo ndani yake. Maana ikiwa mcheza kwao hutunzwa, je, mcheza ugenini hupimwa kwa mizani gani? Nani amwekee kanuni, na nani aseme kuwa ameshinda au ameshindwa? Swali hilo ndilo kiini cha historia ninayokusudia kuisimulia hapa, nayo ni historia ya mchezo mmoja wa vijana wa Marekani ambao kwa lugha yetu twaweza kuuita mashindano ya walinzi wa bendera.

Yamkini wasomaji wengi hawajapata kuuona mchezo huu kwa macho yao, kwa hiyo yafaa niueleze kwa maneno machache. Vijana huingia katika ukumbi mkubwa wa michezo, wakatandaza sakafuni turubai pana lililochorwa rangi, kisha muziki uliorekodiwa ukaanza kupigwa. Kwa dakika chache hucheza kwa mwili mzima, huku wakipeperusha bendera za rangi mbalimbali na kurusha hewani bunduki za mbao na panga zisizo na makali, ambazo huzunguka mara kadha wa kadha kabla ya kudakwa. Juu kwenye viti wameketi waamuzi watano, kila mmoja na jambo lake la kutazama: mmoja hutazama matumizi ya vyombo, wa pili mwendo wa mwili, wa tatu mpango wa mchezo mzima, na wawili waliobaki hupima jinsi mchezo unavyomgusa mtazamaji. Kila mwamuzi ana alama 20 za kutoa, na jumla yake ni 100. Mgeni akiyaona hayo atadhani yuko katika ukumbi wa maigizo. Ni vigumu kwake kuamini kwamba mchezo huu ni mtoto wa jeshi; walakini ndivyo ulivyo.

Katika vita vya zamani bendera haikuwa pambo. Moshi wa baruti ulipojaa uwanjani na sauti za makamanda zikapotea katika mngurumo wa mizinga, askari aliinua macho kuitafuta bendera ya kikosi chake, akajua wenzake wako wapi. Aliyeichukua hakuweza kupigana sawasawa, kwa kuwa mikono yake ilishika mti wa bendera. Kwa hiyo aliwekewa wenzake wa kumlinda. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 mpaka 1865, wachukuzi wa bendera walilengwa kuliko askari wengine, na kikosi kilichonyang'anywa bendera yake kilihesabu jambo hilo kuwa fedheha kubwa. Basi heshima iliyokuja kuwekwa juu ya bendera katika kwata na magwaride ilinunuliwa kwa damu. Yatupasa kulikumbuka hilo kabla ya kuwacheka wazee waliokuja kushika kanuni kwa ukali.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari waliorudi nyumbani walijikusanya katika vyama. Vilivyokuwa na nguvu kubwa ni Veterans of Foreign Wars na American Legion, hicho cha pili kikiwa kimeanzishwa mwaka 1919. Vyama hivyo viliunda na kufadhili vikosi vya ngoma na tarumbeta, kwanza vya askari wenyewe, kisha vya vijana wa mitaani. Makanisa na maskauti nao wakawa na vikosi vyao. Kila kikosi kilikuwa na walinzi wake wa bendera, na kila mwaka vikosi vilikutana kushindana katika viwanja vya mpira.

Msomaji wa pwani yetu hatashangazwa na habari ya kwata ya jeshi kugeuka kuwa ngoma ya mashindano. Beni ilizaliwa pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikaenea bara pamoja na askari na makarani, ikawa na vyeo vya kijeshi, mavazi rasmi, tarumbeta, na pande zilizoshindana, kama Marini na Arinoti huko Tanganyika. Lakini katika beni upande mmoja ulijaribu kuuzidi mwingine kwa ufahari wa mavazi, wingi wa watu na ukarimu wa karamu. Ubishi juu ya nani ameshinda ulikuwa sehemu ya furaha yenyewe. Wamarekani walifuata njia nyingine. Walitaka ubishi ukatwe na karatasi ya alama, na kwa kuwa walitaka hivyo, ubishi wao ulihama kutoka uwanjani ukaingia katika vyumba vya mikutano, ukawa ubishi juu ya kanuni.

Kanuni ya kwanza iliyotawala kwa miaka mingi ilikuwa kanuni ya kuhesabu makosa. Kikosi kilianza kikiwa na alama zake zote, kama mtu mwenye fedha kamili mfukoni. Waamuzi walitembea uwanjani katikati ya vijana, wameshika ubao na kalamu, na kila walipoona kosa waliweka mkwaruzo mmoja katika karatasi. Mguu uliokwenda nje ya hatua, mstari uliopinda, bunduki iliyoinama kuliko za wenzake: kila kosa lilikata sehemu ya kumi ya alama moja. Hata kabla ya mchezo kuanza, vijana walipangwa wakakaguliwa viatu na vifungo kama askari kambini. Mshindi alikuwa yule aliyepungukiwa kidogo kuliko wengine.

Mfumo huo ulikuwa na haki yake. Kosa lilionekana kwa macho, liliweza kuhesabiwa, na kijana wa kikosi cha maskini aliyejizoeza barabara hakuhofia kushindwa kwa sababu tu mavazi yake si ya fahari. Lakini ulikuwa na ila kubwa pia, nayo ni kwamba ulimlipa mwenye hadhari na kumwadhibu mwenye ujasiri. Aliyerusha bunduki juu sana aliweza kuikosa. Asiyeirusha kabisa hakuikosa kamwe. Kwa hiyo walimu wenye akili walifundisha mambo machache, rahisi, yaliyosafishwa kama chombo cha fedha. Mistari ilipangwa kwa ulinganifu, upande wa kulia ukifanana na upande wa kushoto kama sura katika kioo, maana mstari ulionyooka ni rahisi kutengenezwa na ni rahisi kuhukumiwa.

Juu ya hayo palikuwa na kanuni za bendera ya taifa. Kikosi kilipaswa kuingia nayo uwanjani, ikiwa na walinzi wake, na katikati ya mchezo kuitolea heshima kwa utaratibu uliowekwa. Kuipitia mbele isivyopasa au kuiacha ianguke lilikuwa kosa zito. Wazee wa vyama vya askari hawakuona ajabu katika hilo: bila bendera ya taifa, hao wangekuwa walinzi wa nini? Lakini mwalimu aliyetaka kutunga mchezo wenye mwanzo, kilele na mwisho alijiona analazimishwa kusimamisha hadithi yake katikati ili kufanya ibada isiyohusiana nayo.

Hapo ndipo palipozuka swali kubwa zaidi. Kanuni hizi ni za nani? Vyama vya askari ndivyo vilivyoziandika, ndivyo vilivyochagua waamuzi, na ndivyo vilivyogawa zawadi. Vikosi vyenyewe, vilivyolipa mabasi na mavazi na kufundisha usiku na mchana, vilikuwa na sauti ndogo. Mwaka 1971 baadhi ya vikosi vikubwa vilianza kuungana ili vipatane kwa pamoja juu ya mahali pa kushindania na malipo yao, na kutokana na muungano huo kikatokea chama cha Drum Corps International. Mashindano yake makuu ya kwanza yalifanyika Whitewater, katika jimbo la Wisconsin, mwezi wa Agosti 1972, na mshindi alikuwa kikosi cha Anaheim Kingsmen kutoka California. Tangu siku hiyo waliocheza ndio walioandika kanuni, au angalau wakuu wao.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Katika miaka iliyofuata, ulazima wa kuitolea heshima bendera ya taifa katikati ya mchezo ulilegezwa hata ukaondoka, na walinzi wa bendera wakawa wacheza ngoma zaidi kuliko askari. Mwaka 1984 Drum Corps International ikaacha kabisa hesabu ya makosa. Badala ya kuanza na mfuko uliojaa na kupunguziwa, kikosi kilianza na mfuko mtupu, na waamuzi wakaujaza kwa kadiri ya ubora wa kilichotungwa na ubora wa kilichotendwa. Wakati huohuo watunzi wa kwata kama George Zingali, aliyefanya kazi na 27th Lancers na Garfield Cadets, walikuwa wakiuvunja ulinganifu wa kioo, wakatunga maumbo yaliyotiririka na kubadilika kama maji. Garfield Cadets walishinda mashindano makuu mwaka 1983, 1984 na 1985, yaani kabla na baada ya kanuni kubadilishwa. Twajifunza hapo kwamba si kweli kuwa kanuni mpya ndiyo iliyozaa sanaa mpya. Sanaa ilikwisha kubisha hodi, na kanuni ikafungua mlango.

Waliopinga mabadiliko hayo hawakuwa wajinga. Hoja yao ilikuwa kwamba kosa ni jambo la hakika, ilihali ubora ni jambo la rai. Waamuzi kumi wakiona bunduki imeanguka, wote kumi watasema imeanguka. Lakini wakiulizwa kama mchezo una uzuri, kila mmoja atajibu kwa malezi yake. Kumtoa mwamuzi katika kuhesabu na kumweka katika kuthamini ni kumpa mamlaka makubwa kuliko aliyokuwa nayo. Hoja hiyo haijapata kujibiwa kikamilifu mpaka leo. Jibu lililotolewa ni la vitendo tu: waamuzi wafundishwe pamoja, karatasi zao ziandikwe maelezo ya wazi ya kila kiwango, na kazi yao igawanywe, ili hukumu ya mtu mmoja isiangushe jengo zima.

Sasa turudi kwenye walinzi wa bendera peke yao. Wakati wa baridi, theluji inapofunika viwanja, walinzi wa vikosi hivyo walizoea kufanya mazoezi ndani ya kumbi za shule na makanisa, na mazoezi yakazaa mashindano. Lakini kila upande wa nchi ulikuwa na chama chake, na kila chama kanuni zake. Kikundi kilichosifiwa katika mji wake kilikwenda mji mwingine kikakuta kile kilichosifiwa kwao chahesabiwa kosa. Huko ndiko kutunzwa kwa mcheza kwao! Ili kuiondoa hali hiyo, mwaka 1977 waliasisi chama cha Winter Guard International, kifupi WGI, chenye kanuni moja na karatasi moja kwa wote, na mashindano yake makuu ya kwanza yakafanyika mwaka 1978. Baadaye mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio, ukawa kama makao ya mashindano hayo. Katika miaka ya 1990 chama kilipokea vikundi vya ngoma, na mwaka 2015 vikundi vya ala za kupuliza. Na mchezo umevuka bahari ukafika Uingereza, Uholanzi na Japani.

Kanuni moja kwa wote ilileta haki, lakini ilileta pia taabu mpya. Mizani ikiwa moja, waliopimwa hawakuwa sawa. Kikundi cha wasichana wa shule ya kijijini, walioanza kushika bendera miezi mitatu iliyopita, kilipimwa kwa mizani ileile ya kikundi cha watu wazima waliochaguliwa kutoka majimbo kadha wa kadha, waliocheza kwa miaka kumi. Ndipo suala la madaraja likawa suala kuu la mchezo huu, na ubishi wake haujakoma.

WGI iligawa vikundi kwa njia mbili zinazokatana kama uzi wa mtande na wa mshindo. Njia ya kwanza yatazama wanakotoka wachezaji: kuna vikundi vya shule, ambavyo wachezaji wake ni wanafunzi wa shule husika, na kuna vikundi huru, ambavyo huweza kukusanya vijana kutoka popote. Njia ya pili yatazama kiwango cha ustadi, nayo ina madaraja matatu, A, Open na World, la kwanza likiwa la wanaojenga msingi na la mwisho likiwa la mabingwa. Kila daraja lina karatasi yake ya alama. Kwa sababu hiyo alama 80 katika daraja A si sawa na alama 80 katika daraja la World. Ni vipimo viwili vyenye jina moja, kama kibaba cha duka hili na kibaba cha duka lile.

Mgawanyo wa kwanza una hoja iliyo wazi. Mwalimu wa shule hufinyanga udongo aliopewa. Hawezi kutuma watu mji wa pili wamletee udongo mzuri zaidi. Kumshindanisha na kikundi huru kinachoteua mmoja katika watu kumi ni kumwonea. Mgawanyo wa pili ndio wenye miiba. Nani aamue kikundi kiko daraja gani? Kikiachiwa kijichagulie, kitavutwa na tamaa ya kombe, kitabaki chini ambako ushindi ni rahisi. Kwa hiyo chama kimejiwekea haki ya kukipandisha daraja kikundi ambacho ustadi wake umezidi daraja lake. Walimu wengi hulalamika kwamba kupandishwa ni kuadhibiwa kwa kufanya vizuri: vijana waliotarajia kushinda mwaka huu hujikuta wa mwisho katika daraja la juu. Wengine hujibu kwamba kuwaacha pale ni kuwaibia wale wa chini nafasi yao, na ni kuwanyima wenyewe kukua.

Mimi naona hoja ya hao wa pili ina uzito zaidi, lakini kwa sharti moja. Daraja ni ngazi iwapo mtu aweza kuiona hatua ifuatayo na kuifikia. Pengo likiwa kubwa, ngazi hugeuka ukuta. Historia yenyewe yathibitisha, kwani hapo mwanzo daraja la Open ndilo lililokuwa juu ya A, na baadaye likawekwa la World juu yake, ili Open liwe kituo cha katikati. Aliyeongeza kituo hicho alikiri kwamba hatua ya mwanzo ilikuwa ndefu mno kwa miguu ya vijana.

Yafaa tulinganishe na ndugu zao wa vikosi vya ngoma na tarumbeta. Hao kwa muda mrefu waligawa vikosi vidogo kwa idadi ya watu: daraja la tatu lilikuwa la vikosi visivyozidi vijana 60, na la pili lilikuwa la vilivyozidi hapo. Mwaka 2008 migawanyo hiyo miwili iliunganishwa ikaitwa daraja la Open, na la kwanza likaitwa World. Kuhesabu vichwa ni kipimo kisichobishaniwa, kama ilivyokuwa kuhesabu makosa. Lakini wingi wa watu si ustadi, na uchache si unyonge. Hata hivyo waliosikitika walikuwa na sababu. Kikosi cha vijana 40 kutoka mji mdogo kilijua kwamba chini ya kanuni ya zamani kitashindana na wenziwe wa kadiri yake. Chini ya kanuni mpya kingeweza kusimama kando ya kikosi chenye watu mara tatu yake.

Jambo hilo latufikisha kwenye gharama, ambayo mara nyingi hufichwa nyuma ya maneno mazuri ya sanaa. Mwaka 2000 tarumbeta za kila namna ziliruhusiwa badala ya zile za sauti moja ya asili. Mwaka 2004 vipaza sauti vikaruhusiwa kwa ala za kugongwa. Mwaka 2009 ala za umeme. Kila ruhusa ilipanua uwanja wa mtunzi. Lakini kila kinachoruhusiwa leo huwa cha lazima kesho, kwa kuwa asiyekitumia ataonekana amepungukiwa. Katika miaka ya 1970 vikosi vya vijana vilihesabiwa kwa mamia nchini humo. Siku hizi daraja la juu lina vikosi vipatavyo 20 tu. Sitasema kwamba kanuni peke yake ndiyo iliyoviua vile vingine. Bei ya safari, kupungua kwa wafadhili wa parokia na mitaa, na kukua kwa bendi za shule vyote vimehusika. Lakini anayeandika kanuni hana budi kuuliza kila mara ni nani atakayeweza kuilipia.

Na hapo twarudi kwenye swali la mwanzo, la nani mwenye kalamu. Katika Drum Corps International mapendekezo hujadiliwa na walimu, kisha wakurugenzi wa vikosi hupiga kura. WGI ina baraza la ushauri ambamo huketi wawakilishi wa vikundi na wa vyama vya mikoa. Huo ni utaratibu bora kuliko ule wa zamani, ambapo wazee walioacha kucheza waliwatungia kanuni vijana wanaocheza. Lakini una hatari yake: wanaofika mikutanoni na kusikilizwa ni wale waliokwisha kushinda, na mshindi huiona kanuni kwa jicho la mshindi. Kikundi kilichoshindwa kulipa basi la kwenda kwenye mashindano hakitakuwa na nauli ya kwenda kwenye mkutano.

Mwaka 2020 maradhi ya Korona yalivunja mashindano makuu ya WGI. Mwaka uliofuata vikundi vingi vilicheza katika kumbi za kwao, vikajipiga picha za video, na waamuzi wakazitazama wakiwa mbali. Kwa msimu mmoja kila mmoja alikuwa mcheza kwao, na bado alipimwa kwa mizani ya wote. Msimu huo ulidhihirisha kwamba kanuni ya haki haitegemei uwanja wala shangwe za watu. Yategemea kwamba anayepimwa anakijua kipimo, na kwamba alipata nafasi ya kusema neno kabla hakijawekwa.

Sisi nasi tuna mashindano yetu: ya kwaya, ya ngoma za asili, ya maigizo na muziki mashuleni. Kila mwaka hayakosi mwalimu anayelalamika kwamba shule yake ya kutwa imeshindanishwa na shule kubwa ya bweni, au kwamba mwamuzi amempunguzia alama kwa kutoka nje ya desturi. Malalamiko hayo tusiyachukue kuwa ni kelele za walioshindwa. Vijana wa Marekani walihitaji zaidi ya nusu karne kutambua kwamba kuhesabu makosa hakutoshi, na kwamba madaraja yasiyo na ngazi huwafungia watu chini. Nasi tukiandika kanuni zetu, tuwaite katika mkutano wale walioshika mkia mwaka jana, tuwaulize wao kwanza.